Mstari Ulioishia Katikati

Kila Jumamosi, kabla jua la Juni halijapasua ukungu wa Mshangano, pembeni mwa Songea, Violeth alikuwa ameshafika gerejini. Hapakuwa mbali. Gereji ya baba yake ilipakana na jiko lao: mabati juu ya nguzo za miti ya mlingoti, shimo la kukagulia magari, na benchi refu lililoloa oili. Violeth alifagia, akapanga spana kwa ukubwa wake, kisha akabandika birika la chai ya mafundi. Alikuwa darasa la sita, na mafundi walikwisha kuzoea kumtania.

“Fundi Vai, leo unashusha injini ngapi?” aliuliza Otto, huku akiegemeza baiskeli yake kwenye nguzo.

“Shikamoo, anko. Leo nashusha mbili. Ya tatu nakuachia wewe.”

“Marahaba. Angalau hujaninyima zote.”

Otto alikuwa fundi umeme wa pale. Alitoka Mbinga, mtu wa sauti ya chini na mikono mitulivu, na alikuwa ameanza kazi na baba yake Violeth tangu gereji haina hata bati moja.

Katikati ya uwanja lilisimama pikapu jekundu la Mama Kunegunda, mchuuzi wa samaki. Miaka hiyo magari ya mitumba yalikuwa yameanza kuingia Songea kwa wingi, na kila mwenye gari alitaka liwe na nguvu kuliko la jirani. Injini ya kwanza ya pikapu lile ilishindwa na milima ya Umatengo, kwenye njia ya kwenda ziwani kuchukua samaki. Mama Kunegunda akafungiwa injini kubwa zaidi, na juu yake tabo, yaani pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini ili gari lipande mlima bila kusita. Nguvu lilizipata. Lakini lilitoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, na lilikunywa petroli bila aibu.

Ndiyo sababu baba alimwita Salum. Salum alikuwa fundi kijana wa Namtumbo, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kifaa ambacho hapo mtaani hapakuwa na aliyewahi kukiona. Kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi, chenye kioo na vitufe, na waya mrefu uliochomekwa chini ya dashibodi.

“Gari hili lina ubongo,” Salum alimweleza Violeth. “Huo ubongo ndio unaoamua petroli kiasi gani iingie. Tatizo ni kwamba bado unadhani una injini ile ya zamani. Sasa kwanza nimenakili akili yake ya zamani, nimeihifadhi humu. Pili, naandika akili mpya inayolingana na tabo.”

“Kama kufuta ubao na kuandika upya?”

“Barabara! Tena ubao ukifutwa nusu na kuandikwa nusu, darasa zima limepotea.”

Tundu la kuchomekea waya lilikuwa legevu. Salum akamkalisha Violeth kwenye kiti cha dereva, akamshikisha plagi ile kwa mkono wa kushoto. “Ishike hivi hivi. Ufunguo umeshafunguliwa, injini isiwashwe. Tazama mstari huu kwenye kioo. Ukijaa mpaka mwisho, niite. Kabla ya hapo, usiguse kitu. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, anko.”

Mstari ukaanza kutambaa. Polepole mno. Nje ya uzio akatokea Agape, rafiki yake wa darasani, amebeba ndoo ya maji kichwani.

“Weee! Unaendesha gari?”

“Gari wanaendesha watu wa kawaida,” Violeth alijibu, kidevu juu. “Mimi naandika ubongo wake.”

“Muongo!”

“Njoo uone basi!”

Macho yake yalikuwa kwa Agape, si kwenye kioo, wakati sauti nzito ya Mama Kunegunda ilipoingia langoni. Mama huyo alitanguliwa na sauti yake popote alipokwenda.

“Salum! Mzima wewe?”

“Mzima, mama! Shikamoo!” Salum alitoka kwenda kumlaki.

“Marahaba. Na gari zima?”

“Zima!” Salum alijibu kwa furaha, akipiga makofi. “Zima kabisa, mama!”

Violeth alishtuka. Aliyoyasikia ni hayo tu: zima, zima kabisa. Mkono wake wa kulia ulitii kabla akili haijafika. Akazungusha ufunguo.

Kioo kikawa cheusi.

Alikitazama akiwa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mstari ulikuwa haujafika hata katikati, au labda ulikuwa umefika katikati. Hakujua, kwa kuwa hakuwa akiutazama. Akarudisha ufunguo upesi. Kioo kikawaka tena, kikaonyesha maandishi ya mwanzo, masafi, kana kwamba hakuna lililotokea. Agape alikuwa amekwenda zake na ndoo yake. Hakuna aliyeona.

Salum akachungulia dirishani. “Imemaliza?”

Violeth aliikaza plagi mkononi. “Imemaliza, anko.”

Maneno mawili tu. Yalitoka kirahisi hata yeye mwenyewe yalimshangaza.

Salum akachomoa kifaa, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, isiwake. Akapiga tena. Taa za dashibodi zikapepesa kama macho ya mgonjwa, kisha hata stata ikakataa. Salum akashuka, uso umempauka.

“Haiwezekani,” alisema. “Violeth, mstari ulijaa mpaka mwisho?”

“Ulijaa.”

“Uliona kwa macho yako?”

“Kwa macho yangu.”

Baba akaja akijifuta mikono kwa tambara. Mama Kunegunda akaja nyuma yake, mkono kiunoni.

“Jamani, samaki wangu wako Mbamba Bay kwenye barafu!” alisema. “Mbasa hawangoji fundi! Kina mama wanaoniuzia wameshapakia, wanakodolea barabara macho. Nikifika barafu imeyeyuka nitawaambia nini?”

“Subiri, mama,” alisema Salum. “Kama akili mpya imeandikwa yote, basi ubongo hauna kosa. Kuna waya umeshika waya mwingine.”

Kila mtu akamgeukia Otto. Nyaya zote za ile injini mpya ni yeye aliyeziunganisha.

“Nyaya zangu ziko sawa,” Otto alisema taratibu. “Nilizipima moja moja.”

“Ulizipima, na gari limekufa!” Baba alifoka. Violeth hakuwahi kumsikia akifoka hivyo kwa Otto. “Umeniaibisha mbele ya mteja, Otto! Huyu mama ana samaki wanaooza! Tutafungua injini yote kwa ajili ya mkono wako mmoja?”

“Mzee mwenzangu, mimi...”

“Basi! Kusanya vyombo vyako. Nitatafuta mtu aliye makini.”

Birika la chai lilichemka bila mtu kulishughulikia. Otto akamtazama baba kama mtu anayengoja aambiwe ni mzaha. Hakuambiwa. Akainama, akaanza kuokota koleo zake, bisibisi zake, kipimo chake cha umeme, akivipanga kwenye sanduku kwa utaratibu ule ule wa kila siku. Kisha akalifunga sanduku nyuma ya baiskeli kwa mpira. Salum alikuwa ameshashika spana kuanza kufungua injini.

Violeth alitetemeka. Alidhani uongo wake ulikuwa mdogo, kitu cha kujificha nyuma yake kwa dakika chache. Sasa aliuona umetoka nje, umeingia kwenye kinywa cha baba, na unamfukuza mtu asiye na kosa. Anko Otto! Ambaye hata sasa hakutukana, hakubamiza sanduku. Akasikia baiskeli ikisukumwa.

“Baba!”

“Kaa kimya, Violeth, watu wazima wako kazini.”

“Baba, ni mimi!” Sauti ilimtoka kwa nguvu hadi Mama Kunegunda akaruka. “Mstari haukujaa. Nilizima mimi. Nilizima ufunguo katikati, halafu nikaogopa kusema.”

Baba akabaki ameshika tambara hewani. Otto akasimama langoni.

“Ulizima?” Salum alinong’ona. “Nani alikwambia uzime?”

“Wewe, anko. Ulisema zima. Zima kabisa.”

Mama Kunegunda ndiye aliyeelewa kwanza. Akajipiga paji la uso. “Mama yangu weee! Ni mimi niliyeuliza kama gari ni zima! Huyu akanijibu, ni zima! Salum, umeliua gari kwa salamu!” Akacheka mpaka akashika boneti.

Lakini Salum hakucheka. Alikuwa ameshatupa spana chini. “Alhamdulillahi! Kumbe ubongo umekatizwa tu! Hakuna cha kufungua hapa. Akili ya zamani si ninayo?”

Safari hii alishika plagi mwenyewe. Akaurudisha ubongo wa gari kwenye akili ya zamani, mstari ukajaa wote, akapiga stata. Pikapu likaunguruma na kumwaga moshi wake mweusi, na Violeth hakuwahi kuona moshi mzuri kama ule. Kisha Salum akaandika akili mpya tangu mwanzo. Alipowasha tena, injini ilinguruma laini, na bomba la moshi lilikuwa safi.

Mama Kunegunda hakungoja chai. “Mtoto, siku nyingine sema upesi,” aliita akiwa ameshageuza usukani. “Samaki hawana muda!”

Vumbi lilipotulia, baba akamwita Violeth mbele ya wote. Violeth alitazamia fimbo.

“Kuzima gari, ulidanganywa na sikio,” baba alisema. “Na kusema imemaliza, ulidanganywa na nani?”

“Na woga, baba,” Violeth alijibu, machozi yakimtiririka.

“Mimi nina kosa kabla yake,” Salum akaingilia. “Nilimwachia mtoto kazi yangu nikaenda kupiga soga.”

“Kosa lako tutaliongea,” alisema baba. Akavuta pumzi ndefu. Ndipo akafanya jambo lililomshangaza Violeth kuliko yote ya siku ile. Alikwenda langoni, akaichukua baiskeli mikononi mwa Otto, akaufungua ule mpira kwa mikono yake mwenyewe, na sanduku akalibeba hadi kwenye benchi.

“Otto, nimekukosea mbele ya watu,” alisema. “Mbele ya watu hao hao naomba unisamehe. Uliniambia umezipima, nami najua wewe hupimi nusu. Sikukusikiliza.”

Otto akampa mkono. “Yamekwisha,” alisema, sauti yake ya chini ikiwa imekwaruza kidogo.

Violeth akamsogelea, akapiga goti. “Anko, nisamehe. Nilikuona unafungasha nikanyamaza.”

“Ulinyamaza, halafu ukasema. Inuka.”

Baba akamwekea Violeth mkono begani. Ulikuwa mzito na unanuka oili.

“Sikiliza, mwanangu, na mimi najisikiliza hapa hapa. Kukosea kutakupata katika kila kazi utakayoshika. Lakini anayeficha kosa humwacha fundi atafute ugonjwa mahali ambapo haupo, na katika kutafuta huko ndiko watu wasio na hatia huumia. Sema ukweli mapema, hata ukiwa unatetemeka. Umetetemeka leo, ukasema, na Otto yupo hapa.”

Violeth akaitika kwa kichwa. Otto alikuwa ameshafungua sanduku lake na kuanza kuzipanga koleo benchini, moja baada ya nyingine.