Vitufe vya Dada

Nilitoka nyumbani jua linazama, mwanangu mgongoni, kibodi kwenye mfuko wa nailoni. Nilijiambia ni kazi ya dakika kumi tu, nibadilishiwe vitufe, nirudi nipike. Kazi yangu ni kuchapa. Nachapa kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, nyingine nakuja nazo nyumbani, na siku hizi viganja vinaniuma mpaka naamka navyo.

Fundi wa kibodi alikuwa anafunga duka. Akaiweka chini ya taa, akapitisha kidole juu ya vitufe, taratibu, kama anapapasa uso wa mtu anayemfahamu.

"Hii ni kazi ya mikono yangu," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Amenipa."

Uongo ulinitoka bila hata kukohoa.

Akanitolea vibao viwili vya mfano. Cha kwanza kilikuwa na vitufe virefu vyenye mbonyeo, kila mstari na mwinamo wake, kama viti vya uwanja wa mpira, sawasawa na vilivyokuwemo. Cha pili kilikuwa na vifupi, bapa, vyote sura moja.

"Hivi vya ngazi havihami," akasema. "Ukitoa cha mstari wa juu ukakipachika chini, kidole kinakataa hapo hapo. Hivi vya bapa, mama, vyote pacha. Kitufe kinakaa popote."

"Nipe vya bapa. Havina kelele, mtoto analala."

"Mwenyewe asingechagua hivyo."

"Mwenyewe sasa ni mimi."

Akanitazama, akaanza kung'oa. Tk. Tk. Tk. Na kila kitufe kilipochomoka ilipanda harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya viungo...

Dada alikuwa akijipaka hiyo viganjani kila asubuhi.

Ngoja niseme dada ni nani. Si wa tumbo moja. Tulikaa meza moja kazini, yeye ndiye aliyenifundisha kazi, aliniita mdogo wangu, na kibodi hii alijinunulia kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi mitano na mikono ilikuwa inamvimba. Siku moja akaenda msalani. Daktari akaingia mbiombio, akatupa karatasi mezani, dozi ya mgonjwa iingizwe sasa hivi, akatoka. Nikakaa kwenye kiti cha dada. Nikachapa kwenye kompyuta yake, na vidole vyangu vimezoea vitufe bapa vya ofisi, vile virefu vikaniteleza, nikagonga mbili badala ya moja, wala sikuangalia mara ya pili.

Mgonjwa alilala siku tatu bila kufumbua macho. Alipona, lakini ndugu zake walikuwa wameshajaa mlangoni, na jina lililokuwa kwenye kompyuta ni la dada.

Kikaoni aliapa. "Kwenye vitufe vyangu sikosei, hata mkinifunga macho." Halafu akanigeukia mimi, sauti ya chini kabisa.

"Mdogo wangu. Sema tu."

Nikaangalia viatu vyangu.

Walimfukuza. Wiki ile ile mimba ikatoka. Mwezi haukuisha naye akafa, wanasema ni presha, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alipozikwa, siku chache baadaye nikagundua mimi nina mimba. Kibodi yake ilikuwa imebaki kwenye droo. Nikaichukua.

Basi. Siku ya pili baada ya kutoka kwa fundi, jioni, mume wangu yuko safarini, nimeshamwogesha mtoto, nikakaa nichape. Mimi siangalii vitufe. Kidole kikakosa kile kinundu cha F kinachoonyesha pa kuanzia, mkono ukakaa kando, kwenye kioo maneno yakatoka ovyo, herufi hazieleweki... nikainamisha macho.

Mstari wa kati. Vitufe vinne vya mwanzo.

S. E. M. A.

Nilitaka kumsingizia mtoto, lakini mtoto nilikuwa naye kwenye beseni muda wote. Nikaving'oa, nikavirudisha mahali pake. Kesho yake, saa ile ile, vikawa vimehama tena. Keshokutwa tena. Na siku hiyo nilipovigusa vilikuwa vya moto, kama mtu ametoka kuvichapa sasa hivi.

Asubuhi nikaenda kwa bosi.

"Ile dozi, aliyekosea ni mimi. Si dada."

Alivua miwani. "Mwenzako yuko kaburini, mama. Unakuja kumwambia nani?"

Nikaandika barua, nikatia sahihi, ikawekwa kwenye faili la dada. Nikarudi nyumbani sina kazi, lakini kifua chepesi, nikasema sasa imekwisha. Na kweli, jioni vitufe vyote vilikuwa mahali pake. Nikamlaza mtoto. Nikatoka nje kuanua nepi.

Tk.

Nikasimama na nepi mkononi.

Tk. Tk... Tk.

Nilipoingia, harufu ya ile dawa ilikuwa imejaa sebule nzima, machozi yakanitoka kwa ukali wake. Mstari wa kati ulikuwa umepangwa upya. R. U. D. I. S. H. Na pa saba pako wazi, shimo tupu.

"Nirudishe nini, dada?" nikanong'ona. "Nimesema. Kibodi nitaileta hata kaburini. Nirudishe nini tena?"

Ndipo nikasikia kimya cha chumbani.

Mwanangu ana miezi kumi na moja, hajui kukaa kimya. Nilimkuta ameketi kitandani, mdomo umefumbwa, anatazama juu ya bega langu. Midomo imeanza kuwa ya bluu. Nikaingiza kidole mpaka kooni, nikagusa kitu kigumu, cha mraba...

Kilikuwa A.

Alivuta pumzi. Akalia, na mimi nikalia naye.

Kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa fundi. Akavitoa kwenye kopo alimovitunza vile virefu vya dada, akavirudisha, kila kimoja kwenye mstari wake. Ni wiki mbili sasa. Havijahama hata kimoja, na haviwezi.

Lakini jana jioni nilimweka mwanangu kwenye kiti chake, mbele ya meza tupu. Akanyoosha mikono yote miwili. Vidole kumi vikaanza kupiga ubao, haraka haraka, kimoja baada ya kingine, bila kukosea, wala haangalii chini.

Ananiangalia mimi.

Nilimshika mikono nimzuie. Nikaisogeza puani.

Sijawahi kuleta dawa ya kuchua nyumbani kwangu.