Filimbi au Makombo ya Fisi

Marehemu alikuwa ametoweka. Kwa kuwa alikuwa mfupa wa miaka elfu arobaini, hakuna aliyetarajia aende mbali kwa miguu yake mwenyewe.

Inspekta aliinamia kabati la vioo la makumbusho. Kufuli lilikuwa zima. Kioo hakikuwa na mkwaruzo. Juu ya pamba palibaki umbo jembamba, kama la mtu aliyeamka akaondoka bila kuaga.

"Filimbi moja ya kale," aliandika.

"Futa!" alisema profesa. "Andika mfupa. Yale matundu ni alama za meno ya fisi, nimethibitisha. Kesho nabadilisha kibao, na mfupa unahamia droo ya wanyama."

"Ulipatikana wapi?"

"Pangoni, nyuma ya kilima hiki."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na mtunza stoo. Ni shemeji yangu. Yule hawezi kuiba hata usingizi."

Mtunza stoo alikuwa stooni, mezani, akipanga brashi zake. Inspekta hakumtazama usoni. Alitazama viatu. Vilikuwa na kinyesi kibichi cha popo.

"Mzee, humu stoo mnafuga popo?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi umetoka pangoni."

Mzee alipangusa brashi ambayo tayari ilikuwa safi. "Twende," akasema.

Ndani ya pango matone yalidondoka taratibu, kama saa isiyo na haraka na mtu. Mzee aliingiza mkono katika ufa, akatoa soksi ya sufu. Mfupa ulikuwa umelala humo.

"Miaka thelathini nimeupangusa. Wanangu nimewaambia, baba yenu analinda filimbi. Leo shemeji aje aniambie nililinda makombo ya fisi?"

"Kwa hiyo umeiba."

"Nimeiba, afande. Nilitaka niusikie kabla ya droo."

"Na mfupa ukalia?"

"Sijaupuliza. Ukinyamaza, je?"

Inspekta alizima tochi. "Puliza, mzee."

Sauti ilitoka nyembamba, ikasitasita, ikapanda. Ukuta ukaipokea, ukaupa ukuta wa pili, mpaka giza lote likawa linaimba, na ilikuwa vigumu kujua nani aliyeanza, mzee huyu au yule wa kale. Profesa, aliyewafuata akihema, alivua miwani kana kwamba ndiyo iliyomziba masikio.

Ukimya uliporudi, Inspekta aliwasha tochi, akamfunga mzee pingu kwa heshima zote, akafungua daftari.

"Kielelezo namba moja," aliandika, huku profesa akichungulia begani kwake. "Filimbi."

Profesa hakusema futa.