Sufuria ya Mjomba Sixten

Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, nyumba ya Bibi Ingegerd pale Hedemora hunukia mdalasini tangu asubuhi. Mwaka huu Tuva, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, aliamka mapema kama kawaida, akazoa theluji mlangoni, kisha akaingia jikoni kumsaidia Bibi kupika glögg, kinywaji cha moto chenye viungo, kwa ajili ya wageni.

Sufuria zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa ya watu wazima: mvinyo mwekundu, sukari, na pombe kali iliyolowekwa karafuu, iliki na maganda ya machungwa tangu Jumatatu. Ndogo ilikuwa ya watoto, ya madereva, na ya Mjomba Sixten, mwana wa Bibi: juisi ya beri na viungo vile vile, bila tone la pombe. Mjomba alikuwa ameacha kunywa mwaka mmoja na miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo, pombe ilikuwa imemnyang'anya kazi na mke. Leo angekaa na ndugu zake mezani kwa mara ya kwanza tangu aache.

"Moto uwe mdogo," Bibi alisema akivaa koti la kwenda kanisani. "Glögg haichemshwi. Ikitokota tu, pombe inatoroka. Na hii ndogo isikauke. Nakuachia wewe, si huyo kaka yako kichwa maji."

"Nimekusikia, Bibi!" Malte alipiga kelele kutoka sebuleni.

Lakini nje watoto walikuwa wakiteleza kilimani kwa vigari vya theluji. Tuva akajiambia dakika tano tu. Dakika tano zikazaa arobaini. Aliporudi, moshi ulimpokea mlangoni. Sufuria ndogo ilikuwa imekauka, na chini yake palibaki uji mweusi ulioungua. Chupa ya juisi ilikuwa tupu.

Angeweza kusema. Badala yake alisugua sufuria, akachota glögg ya wakubwa, akaongeza maji na sukari, akaichemsha ikatokota robo saa nzima. Si Bibi mwenyewe alisema pombe hutoroka?

Saa tisa alasiri, giza la mapema la majira ya baridi likianza kuingia, wageni walifika. Mjomba Sixten alikuja wa mwisho, amekonda, amevaa tai mpya. Bibi alimkumbatia mlangoni kwa muda mrefu.

Tuva alimvuta Malte pembeni. "Hivi pombe ikichemka, inaisha yote?"

"Nani kakudanganya? Inabaki nyingi tu. Mwalimu wetu wa kemia alituonyesha. We, mbona umepauka hivyo?"

Tuva aligeukia sebuleni. Bibi alikuwa tayari anagawa vikombe vyenye lozi na zabibu kavu, akianzia kwa Mjomba. Tuva alimkimbilia Mjomba.

"Mjomba, kunywa kahawa. Kahawa ndiyo nzuri."

"Kahawa! Nimekunywa mpaka masikio yanatoa moshi," Mjomba alicheka. "Leo nataka cha mama yangu."

Akakiinua kikombe. Tuva alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usinywe! Ina pombe!"

Wageni wote waligeuka. Bibi alichukua kikombe, akanusa, kisha akamgeukia mwanawe. "Sixten. Umetia nini humu?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Uso wake ulisawijika, na hilo lilimuuma Tuva kuliko kiboko.

"Si yeye!" alilia. "Ni mimi! Niliunguza yake, nikajazia kwa ile kubwa. Niliogopa kusema!"

Mjomba alitoka nje bila koti. Bibi aliketi, akafunika uso kwa aproni. "Nimemhukumu mwanangu bure," alisema. "Sasa atarudi kwenye chupa, na ni mimi niliyemsukuma."

Tuva alichukua koti la Mjomba, akatoka huku akilia. Alimkuta ameketi kwenye ngazi, kichwa mikononi, theluji ikimwangukia mabegani.

"Nichape, Mjomba. Ila usiende kunywa. Nakuomba."

Mjomba alilipokea koti kutoka kwake. Kisha akalivaa taratibu.

"Nilipokuwa na miaka kumi na sita," alisema, "nilikunywa pombe ya baba, nikajazia maji chupa isionekane imepungua. Hakuna aliyejua. Kesho yake nikarudia. Nilijazia maji miaka ishirini, Tuva. Nilimdanganya mama, mke wangu, hata daktari. Ndiyo maana mama ameninyooshea kidole leo. Nilimfundisha mwenyewe."

Mlango ulifunguka. Bibi alisimama pale na viatu vya ndani, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Tumesameheana, Mama. Ingia ndani, utapata baridi."

Malte alitumwa kwa jirani kuomba juisi ya beri. Tuva alimwaga ile ya kwenye sufuria ndogo mbele ya wageni wote, akaanza upya, na safari hii hakuondoka jikoni hata hatua moja. Mjomba alisimama kando yake akikoroga.

"Sufuria kuungua si aibu, mpwa wangu," alimwambia. "Kosa likisemwa siku lilipotendeka, huwa ni dogo. Likifichwa, hukua mpaka likammeza aliyelificha. Wewe umesema kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mimi sikuweza."

Kisha akapokea kikombe kutoka mkononi mwa Tuva, akanywa chote bila kukinusa.