Mchele Uliochipua

Kila asubuhi Akinyi alipeta mchele mlangoni pake, karibu na Katito. Pumba aliwamwagia kuku. Siku hiyo ungo ulikuwa bado mkononi aliposikia kishindo uani. Mumewe, Obiero, alikuwa ameanguka.

Kwenye zahanati walisema sukari imepanda sana. Walimpa dawa, wakamwambia apunguze wali mweupe. Obiero alikuwa mkulima wa mpunga. Sasa angekula nini?

Kesho yake jirani yao Nelima, mhudumu wa afya ya jamii, alikuja kuwaona.

"Mpunga wenu mnaukoboaje?"

"Tunaurudisha kwa mashine mara ya pili," Akinyi alijibu kwa fahari. "Mgeni asione doa."

"Ai yawa! Ndiyo maana kuku wenu wamenona hivi. Wao wanakula chakula, nyinyi mnakula weupe."

"Kwa hivyo unataka nile vya kuku?" Obiero alifoka. "Sili!"

Nelima hakubishana. Aliweka mchele wao kwenye sahani yenye kitambaa kibichi. Sahani ya pili, yenye kitambaa kama hicho, aliiwekea mchele wa kahawia kutoka kwake, ulioondolewa maganda ya nje tu.

"Ngojeni," alisema.

Baada ya siku chache, Akinyi alifunua sahani. Mchele mweupe ulinuka. Ule wa kahawia ulikuwa umetoa ncha ndogo, punje baada ya punje. Akinyi alipiga magoti.

"Baba Sydney, njoo uone! Uko hai!"

Obiero aliinama. Alikuwa amelima mpunga tangu utotoni, akidhani ukitoka mashineni umekufa. Aligusa ncha moja kwa kidole, polepole, kama anayegusa mtoto mchanga.

"Hicho ni kiini," Nelima alieleza. "Mkirudia kukoboa, kinatoka pamoja na ngozi ya punje, ile pumba mnayowapa kuku. Ngozi ina nyuzinyuzi. Inafanya sukari iingie kwenye damu polepole. Lakini Baba, dawa usiache. Wali uwe kidogo, mboga nyingi. Na wewe Mama, uloweke kwanza, uongeze maji, usiharakishe moto."

Mchana huo Akinyi alipika wali wa kahawia, mboga ya osuga na dagaa wa omena. Obiero alitafuna muda mrefu. Alimaliza.

Miezi ilipita. Siku moja muuguzi alipima, akatabasamu: sukari ilikuwa imeshuka.

Nje ya zahanati Akinyi alimtania, "Si ungekubali tu siku ile ya kwanza, badala ya kumfokea Nelima?"

Obiero alisimama.

"Mama Sydney, sikuukasirikia wali," alisema. "Niliogopa. Niliogopa kufa nikuache."