Nipishe Nikae

Nermin alihesabu mistari mara tatu, na mara zote tatu ikaja mia nane na kumi na mitatu. Hati ya filamu ilikuwa na mia nane na kumi na miwili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiandika maandishi ya chini ya picha katika kituo kile cha televisheni ya umma, akiwageuzia watazamaji Kituruki kuwa Kiingereza, na hakuwahi kuzidisha hata nukta.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, mvua ya Julai ikipiga madirisha ya Sydney. Filamu ilikuwa ya zamani, ya kijijini. Mama anakanda unga, mwanawe anaondoka kwenda mjini, mama anamfuata nje, mlango unafungwa, chumba kinabaki kitupu. Kwenye chumba hicho kitupu ndipo ulipokaa ule mstari wa ziada. Ulisema: *Nipishe nikae.*

Hakukumbuka kuuandika. Akairudisha picha nyuma, akabana hedifoni masikioni. Mlango ukafungwa. Kimya. Kisha sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, ya karibu mno, kama vile msemaji yumo sikioni na si kwenye filamu, ikayatamka maneno yale kwa Kituruki cha Yozgat, kile cha kuburuta mwisho wa neno, walichozungumza kwao. Ikafuatana na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Stathis!" aliita. "Njoo usikilize hapa."

Stathis, Mgiriki mnene ambaye miwani yake ilikaa kichwani zaidi kuliko machoni, ndiye aliyekagua kazi za wote. Akasikiliza, akarudia.

"Hapa pana mlango tu, Nermin."

"Baada ya mlango."

"Baada ya mlango pana kimya. Umekunywa chai ngapi leo?"

"Tatu."

"Basi ongeza ya nne, futa huo mstari wako, twende tukale."

Akaufuta. Aliporudi kutoka kula, aliukuta mahali pake. Akaufuta tena, safari hii Stathis akiwa amesimama nyuma yake, na filamu ikapelekwa kwa watu wa ratiba.

Kibanda cha kusikilizia, alichokuwamo Nermin asubuhi ile, walikitumia kwa zamu. Alasiri ile aliingia Nevenka, Mkroatia, ambaye kicheko chake kilijulikana hadi ghorofa ya chini. Kesho yake Nevenka alimvuta Nermin mkono hadi chumba cha kuchemshia kahawa, akafunga mlango.

"Usinicheke," alinong'ona. "Nyinyi Waislamu mna jina la kile kitu kinachosema bila mwili?"

Nermin akatazama dari kwanza. "Tunalo. Kwetu hatulitaji. Tunasema wale wa herufi tatu." Kwa Kituruki neno la jini lina herufi tatu.

"Basi mmoja wao yumo kibandani. Jana nimeweka kipindi changu cha mapishi. Mpishi akatoka, jiko likabaki peke yake, na sauti ikaniambia niipishe ikae. Kwa Kikroatia, Nermin! Kikroatia cha bibi yangu, cha kule milimani."

"Ukafanyaje?"

"Nilidhani mnanichezea. Nikajibu. Nikasema, kaa, shoga, kiti si hicho hapo." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Leo asubuhi mama kanipigia simu. Naisikia sauti, najua ni mama, lakini anachosema hakina maana. Kama maji yanayopita kwenye bomba. Nami nikitaka kumjibu, kinatoka Kiingereza tu. Mama hajui Kiingereza. Kalia mpaka kakata simu. Anadhani nimemsusa."

Hospitalini walimpiga picha za kichwa, wakamwambia kichwa ni kizima. Jumatano hakuja kazini. Nermin alikuwa kibandani peke yake na taarifa ya habari ya Ankara, akiandika, na chini ya sauti ya msomaji, kama mtu anayeongea chumba cha pili, akamsikia Nevenka. Alikuwa akizungumza Kikroatia, haraka haraka, akicheka kile kicheko chake chote. Nermin akazivua hedifoni, akazitupa mezani. Hata pale mezani sauti iliendelea kutoka ndani yake, ndogo, kama mdudu kwenye kiberiti.

Alhamisi aliomba ruhusa ya kutoka mapema, akaenda mtaa wa Auburn, kwenye nyumba ya wazee alikoishi mama yake.

Bi Sabriye alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha biskuti na kujifunza Kiingereza cha kutosha kugombana na msimamizi. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia, ukamfutia Kiingereza chote, ukamwachia Kituruki tu. Katika nyumba ile ya wazee hakuna mhudumu aliyekijua. Kwa hiyo mazungumzo yake yote duniani yalikuwa mawili: Nermin, aliyekuja kila siku na bakuli la supu ya mtindi, na televisheni. Msomaji wa habari akisema habari za asubuhi, Bi Sabriye alimjibu nzuri mwanangu, za kwenu, na akamlaumu kwa kukonda.

"Umechelewa," alisema Bi Sabriye binti yake alipoingia. "Filamu imeshaanza. Yule kijana anataka kuondoka, mpumbavu."

Nermin akatazama. Mama wa kwenye filamu alikuwa akikanda unga. Watu wa ratiba walikuwa wameiweka saa tisa mchana, siku ileile, na yeye hakuwa ameangalia.

"Mama, tubadilishe. Kuna kipindi kizuri upande wa pili."

"Wacha! Nataka nione kama atamwaga maji nyuma yake ili arudi salama."

Rimoti ilikuwa chini ya mapaja ya Bi Sabriye. Nermin alikuwa bado anaitafuta kwa vidole mlango ulipofungwa, chumba kile kikabaki kitupu mbele yao, na chini ya picha maneno aliyokuwa ameyafuta mara mbili yakajitokeza, meupe, yametulia, na sauti ikasema kwa Kituruki cha Yozgat, kwa adabu, kama mgeni aliyetoka mbali: *Nipishe nikae.*

"Mama, usijibu!"

Lakini Bi Sabriye hakuwahi maishani mwake kumwacha mgeni amesimama. Alikuwa ameshajisogeza ukingoni mwa kitanda, akipapasa shuka kwa kiganja.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa, pana nafasi."

Chumba kikanuka majivu mabichi. Godoro, upande ule alioupapasa, likabonyea polepole.

Ijumaa asubuhi Nermin aliingia duka la mikate la mtaani kwao na hakukumbuka jina la kile alichokuja kununua. Alikiona, mkate wa duara wenye ufuta, ameula tangu ameota meno. Akanyoosha kidole.

"Dada Nermin, leo umekuwa mgeni?" mwokaji alimtania kwa Kituruki, kisha akasema jambo jingine refu, na katikati ya maneno yake palikuwa na mapengo, kama nguo iliyoliwa na nondo. Hadi jioni lilikuwa limepotea neno la kijiko, na la uzi, na la mvua. Alijaribu kusema bismillah kabla ya kula, hiyo ikatoka. Alijaribu kumwambia paka wa jirani aondoke kwa maneno aliyofundishwa utotoni, asiyapate.

Jumamosi alikwenda kwa Bi Zekiye, mwagaji risasi, ile madini inayoyeyushwa na kumwagwa kwenye maji ili kuagua, mjane aliyewatibu Waturuki wa Auburn kwa mambo ambayo hawakuyapeleka kwa daktari. Walizungumza kwa kuungaunga, Kituruki kidogo na Kiingereza cha sokoni cha bibi yule. Nermin alimweleza yote, na Bi Zekiye hakumkatiza. Akamkalisha kitini, akamfunika shuka nyeupe, akayeyusha kipande cha risasi kwenye upawa juu ya jiko.

"Utasikia kelele," alisema. "Usiogope. Ikipiga kelele ndiyo dawa inafanya kazi. Kilicho ndani yako kinalia humo."

Nermin akakaa gizani chini ya shuka. Alisikia beseni la maji likisogezwa juu ya kichwa chake, akasikia dua, akasikia upawa ukigonga ukingo wa beseni, akabana meno akingoja ule mlio wa chuma cha moto kinachoingia kwenye maji baridi, mlio alioujua tangu utotoni, wa kumtoa mtu roho, akangoja, na akangoja, na mlio haukuja.

Bi Zekiye akamfunua. Risasi ilikuwa imelala chini ya maji, bapa, laini. Bibi akalitua beseni kwenye zulia.

"Ndani yako hamna kitu," alisema. "Wewe ulikipa ulimi, ulipoyaandika maneno yake. Lakini mama yako ndiye aliyekipa kiti. Kimekaa kwake, na kinakula kutoka kwako."

"Kitatoka vipi?"

"Aliyekikaribisha ndiye akifukuze, kwa kinywa chake. Neno moja tu, ondoka. Atakayeambiwa neno hilo na mwenye chumba hana budi kutoka, na hataweza kuingia tena."

"Mama hana akili ya kuelewa hilo, Bi Zekiye. Twende wote, nakuomba. Umwambie wewe."

Bi Zekiye akaweka kiganja mdomoni. "Mwanangu, Kiingereza changu unakisikia. Kikinichukulia Kituruki, nitabaki na nini? Nitazungumza na nani?" Akachukua kalamu, akamwandikia kwenye karatasi kwa Kituruki, kwa herufi kubwa: *Mama, mwambie aliyekaa hapo aondoke.* "Unaisoma?"

"Naisoma."

"Unaielewa?"

"Bado naielewa."

"Basi usikae hapa. Kimbia."

Alikimbia kwenye mvua bila mwavuli, karatasi kifuani, akiyarudia maneno kwa kila hatua ili yasimtoroke, na alipopita msikitini alikuwa bado anajua kwamba neno la kwanza ni mama na la mwisho ni kuondoka, na alipofika posta alikuwa anajua la kwanza tu, akaling'ang'ania, mama, mama, mama, akiligeuza mdomoni kama mtu anayelinda kaa la moto lisizimike, watu wakimpisha njiani, hadi alipoikuta mikono yake imeshika geti la nyumba ya wazee na mdomo wake unarudia silabi mbili ambazo hakujua tena ni za nini.

Alisikia vicheko kabla hajafika mlangoni. Mama yake alikuwa akicheka. Hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu baba alipofariki.

Televisheni ilikuwa imezimwa. Bi Sabriye amekaa upande mmoja wa kitanda, amegeukia upande wa pili, ambako godoro lilikuwa limebonyea na hapakuwa na mtu. Alisema jambo. Na kutoka pale patupu akajibiwa, kwa upole, kwa lugha tamu ya kuburuta mwisho wa maneno. Sauti ilikuwa ya Nermin. Ilikuwa sauti yake hasa, ya siku njema, siku ambazo hakuchoka.

"Mama," alisema Nermin kwa Kiingereza. "Mama, ni mimi."

Bi Sabriye akamtazama, mwanamke aliyelowa, anayebwabwaja mlangoni. Nermin akatoa karatasi. Wino ulikuwa umechuruzika lakini herufi zilisomeka, na alizijua herufi, hizo hazikuwa zimechukuliwa. Akazisoma moja baada ya nyingine, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kujua neno linaanzia wapi wala linaishia wapi.

Mama yake akasikiliza kwa makini. Uso wake ukaonyesha kwamba amepata maana. Kisha akamgeukia yule wa kitandani, akauliza swali fupi, na sauti ya Nermin ikamnong'oneza jibu refu, la taratibu, kama mtu anayemtoa mwenziwe hofu.

Bi Sabriye akaitikia kwa kichwa. Akamwangalia Nermin tena, bila hasira, kwa upole uleule aliokuwa akiwafukuzia wachuuzi mlangoni, akainua mkono, akasema neno moja.

Nermin hakulijua neno lile. Miguu yake ililijua. Iligeuka yenyewe, ikamtoa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Akashika kitasa, vidole vikakataa kukunjika. Akaegemea kwa bega, bega likawa kama limeegemea ukuta wa saruji. Akaita. Ndani, mama yake alikuwa ameshaendelea na mazungumzo.

Muuguzi wa zamu akaja na kikapu cha dawa, akatabasamu kusikia vicheko. Alikuwa mgeni, ameanza kazi wiki ile.

"Bi Sabriye kachangamka leo," alisema. Akausukuma mlango kidogo, ukafunguka bila taabu, akatega sikio, akaurudisha taratibu asiwakatize. "Nimesikia mtu anaongea naye tangu asubuhi. Ni nani?"

Nermin alijifuta uso. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye sakafu.

"Binti yake," alisema.