Magimbi ya Mtaroni

Je, wewe umewahi kupika chakula usichoruhusiwa kukionja hata kwa ncha ya ulimi? Basi kule Barrackpore, katika kisiwa cha Trinidad, siku ya kusimika bendera ya ibada chakula chote hupikwa hivyo. Mungu apewe sehemu yake kwanza, ndipo watu wale. Mpishi akilamba mwiko, sufuria nzima imekuwa makombo. Chumvi hukadiriwa kwa macho, pilipili kwa pua, na yaliyobaki kwa kuaminiana.

Jumamosi hiyo Vashti, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka alfajiri kama watu wote wa nyumbani. Uani moto ulikuwa umekwisha kuwashwa mafigani. Aji, mama mzaa baba yake, alikaa kwenye kigoda akisaga bizari juu ya jiwe: giligilani, uzile, manjano, na uwatu kidogo tu, kwa maana uwatu ukizidi mchuzi huwa mchungu. Karibu naye alisimama Anjanie, binamu yake Vashti, aliyemzidi miaka miwili. Alikuwa amekwisha kuoga, amefunga nywele kwa kitambaa cheupe, na mwiko ameushika kama mtu aliyekabidhiwa ufalme.

"Vashti, chukua jembe dogo na kikapu," Aji alisema bila kuinua macho. "Nenda konde la mtoni ukachimbe magimbi. Kikapu kijae, watu themanini wanakuja."

"Kila mwaka mimi, Aji?"

"Kwani magimbi yana miguu, yatakuja yenyewe?"

Anjanie akacheka. "Nenda upesi, bibi wa matope. Ukirudi tutakuachia masufuria ya kuosha."

Vashti alilitazama karai tupu juu ya mafiga. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kuchimba, kisha kuoga, maana mwenye matope hasogei kwenye moto wa ibada. Bizari itakuwa imekaangwa zamani. Alichukua jembe na kikapu, akatoka.

Kwenye kona ya barabara, kabla ya njia ya kwenda mtoni, palikuwa na mtaro wa maji yaliyotuama. Humo magimbi yalikuwa yameota yenyewe, majani mapana, mashina manene kama mkono wa mtu mzima. Vashti alisimama. Aji alikuwa akisema kila mara, "Gimbi usilolipanda usilipike." La mtaroni na la shambani hufanana kama mapacha, lakini la mtaroni likishuka kooni, koo hufura.

Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Hata kuku wa jirani, ambao hudonoa kila mahali, walikuwa wakila upande wa pili wa barabara. Vashti akashuka mtaroni. Maji yalikuwa baridi, na tope lilinuka kitu kilichooza. Kikapu kikajaa haraka.

"Mbona upesi hivyo?" Aji alimwuliza aliporudi.

"Nilikimbia. Na mvua imelainisha udongo wa konde."

Macho ya Aji siku hizi yalikuwa na ukungu, na moshi ulikuwa mwingi. Aliinamia kikapu, akapigwa na mvuke wa sufuria ya dengu, akajifuta uso. "Haya, Anjanie, menya. Wewe Vashti, kaoge."

Vashti alioga kwa pupa, hata sabuni haikutoka vizuri masikioni. Alipokuwa akijifuta akasikia bizari ikilia katika mafuta, na harufu yake ikamfuata mpaka bafuni. Alipofika uani karai lilikuwa limejaa, magimbi yakichemka katika mchuzi wa manjano. Alikuwa amechelewa vilevile.

Ndipo viganja vyake vilipoanza kumwasha, akavikuna.

"Na mimi nawashwa," alisema Anjanie, akijikuna mpaka kwenye viwiko. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vimevimba kama ndizi ndogo. "Mwaka huu yana ukali gani haya?"

"Paka mafuta," Aji akamjibu. "Magimbi huwasha siku zote."

Ni kweli, huwasha siku zote. Vashti aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika kamba iliyochakaa. Labda yakichemka sana yatapoa. Labda yale hayakuwa mabaya. Akaenda nyuma ya nyumba kutupa maganda, na mbuzi wa Bi Ernestine, jirani yao, akanyoosha shingo na kunyakua ganda moja. Alitafuna mara mbili, akaacha. Kisha akaanza kutikisa kichwa, akatikisa tena na tena, na mate marefu yakamning'inia mdomoni.

Vashti alirudi uani.

Wageni walikuwa wakiingia. Bi Ernestine, mama mnene mwenye kofia ya ukindu, alikaa karibu kabisa na meko, akavuta pumzi. "Kwetu Tobago mchuzi wa bizari ni wa kaa na tui la nazi. Wajamaika wao ni mbuzi tu, mbuzi na mchele. Lakini huu wa magimbi wa Aji nauota usiku. Leo nitakula karai zima."

"Mungu kwanza, halafu tumbo lako," Aji akamwambia.

"Tumbo langu halijui kupanga foleni, dada."

Watu wakacheka. Mzee Boodram, kaka yake Aji, alijaribu kucheka naye akaishia kukohoa. Alikuwa na pumu ya miaka mingi, kifua chake kililia kama mlango wenye bawaba kavu. Vashti alimtazama koo lake, jembamba, lenye mishipa. Alimwona akilishika jani lake la kulia chakula, akilipangusa polepole na kuliweka tayari mapajani.

Ibada ikaanza. Pandit, kiongozi wa sala, alitia samli motoni, na moshi ukapanda wima kisha ukainamia upande wa karai. Vashti hakusikia neno hata moja. Alikuwa akihesabu makoo: la Mzee Boodram, la Bi Ernestine, la mtoto wa shangazi aliyeanza kula juzijuzi. Mkono ulimwasha, ila hakuthubutu kujikuna.

Pandit akapuliza ganda kubwa la kome. Ndiyo ilikuwa ishara. Aji akainuka kwa magoti yake mabovu, akachukua upawa, akauzamisha katika mchuzi.

"Aji, usipakue."

Sauti ilitoka ndogo, lakini uani palikuwa kimya, na kila mtu aliisikia. Upawa ukasimama hewani.

"Sikwenda konde," Vashti alisema. "Nimeyachimba mtaroni, pale konani. Mbuzi wa Bi Ernestine ameyala maganda, anatoa mate."

Hakuna aliyemkaripia. Ingekuwa afadhali wangemkaripia. Anjanie alivitazama vidole vyake vilivyovimba, akavificha ndani ya shali. Mzee Boodram aliliweka jani lake chini taratibu.

"Mimi ningekuwa wa kwanza kula," Bi Ernestine alisema polepole, mkono kooni. "Wa kwanza kabisa, mwanangu." Kisha akaenda mbio kumsukutua mbuzi wake.

Aji aliurudisha upawa. "Pandit, tupe saa moja."

"Mungu amewahi kusubiri zaidi ya hapo," Pandit akajibu.

Wanaume wawili wakalibeba karai, wakamwaga mchuzi wote katika shimo na kulifukia. Karai likasuguliwa kwa majivu mara tatu. Bi Ernestine akarudi na habari kwamba mbuzi ameanza kunywa maji, na juu ya kichwa ana kikapu cha mashelisheli mabichi kutoka mti wake. "Shelisheli nalo hukubali bizari," alisema. "Na hili nimelipanda kwa mkono wangu."

Aji akamketisha Vashti kando yake, akampaka mafuta ya nazi viganjani, kidole kimoja kimoja.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Chakula hiki hatukionji. Basi kinachokionja ni ukweli wa kila mtu aliyekigusa: aliyechimba, aliyemenya, aliyekoroga. Mmoja akidanganya, ulimi wa wote umekatwa. Umekosa asubuhi nzima, lakini umesema kabla upawa haujafika kwenye jani, na kwa hilo watu themanini watarudi makwao wazima. Siku nyingine usingoje mpaka kome ilie." Akapangusa vidole vyake. "Ila kuna jambo silielewi. Wewe si mvivu, nakujua. Ulikuwa unakimbilia nini?"

Vashti alitazama mafuta yaliyokuwa yameanza kutoa moshi ndani ya karai, na bakuli la bizari mbichi lililokuwa likingoja.

"Nilitaka niwe mimi wa kukaanga bizari, Aji," alisema. "Nilitaka unifundishe."