Mawingu Ndani ya Chupa

Kila alasiri mtaa ulisinzia, lakini nyumba ya Shangazi haikusinzia. Mlango ulikuwa wazi, na watu walikuwa tele. Mmoja alileta mgongo unaouma. Mwingine alileta homa. Wa tatu alileta habari za watu. Shangazi aliwapokea wote, hasa huyo wa habari.

Dirishani kwake palikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ndani yake pamba zilielea katika spiriti ya buluu. Jua lilipopita humo, mbingu ndogo ilitokea ukutani, na mawingu yake yalitikisika polepole. Wagonjwa waliitazama mpaka wakasahau kilichowaleta.

"Tayari," Shangazi husema.

"Tayari nini? Hujanichoma!"

"Nimeshakuchoma zamani. Vaa suruali yako, watu wanaingia."

Ndiyo maana walimwita Mkono Mwepesi. Alifagia wodi za hospitali miaka ishirini, na macho hayana pazia. Alichokiona alikiiga. Alipostaafu, akaanza kuwachoma majirani. Hakuwa mchafu. Kila mtu alipata bomba jipya na sindano mpya. Hilo alijivunia.

Siku moja aliingia mpwa wake, kinyozi, kijana aliyemlea mwenyewe. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, na mgongo ulikuwa unamsumbua.

"Shangazi, nidunge moja."

"Meza vidonge kwanza."

"Vidonge ni peremende. Sindano ndiyo dawa."

Shangazi alicheka. Alitumbukiza vidole chupani, akatoa wingu moja, akampangusa, akamchoma. Mkono ulikuwa mwepesi kama kawaida.

Siku ya nne, kinyozi hakuweza kukaa. Wateja wakapata la kusema.

"Kinyozi, umekatazwa kiti?"

"Nyamaza wewe, nitakunyoa nusu!"

Siku ya sita hakufungua duka. Alilala kifudifudi kitandani kwa Shangazi. Tako la kulia lilikuwa limevimba, jekundu, la moto, laini katikati. Homa ilimpandisha na kumshusha kama bembea.

"Shangazi," alinong'ona, "mawingu yako yametoka ukutani. Yamejaa chumba. Yananikalia."

Shangazi alitazama. Mawingu yalikuwa palepale ukutani, yakitikisika. Moyo wake ulishuka kama ndoo kisimani.

Jirani yake, mshonaji, alikuwa mlangoni. Hakukosa jambo huyo.

"Jipu hilo. Nilete sindano ya cherehani nilitumbue?"

"Ushone nguo zako! Hili halitumbuliwi nyumbani. Tunakwenda kituo cha afya."

"Na kule utasemaje? Kwamba Mkono Mwepesi ndiye aliyemchoma? Mtaa mzima utajua."

"Kama wewe umeshajua, mtaa umechelewa nini?"

Alijibu kwa mzaha, lakini alikawia kuchukua kanga yake. Jina lake ndilo lililojaza nyumba ile. Likipotea, nani angepita mlangoni?

Chumba cha matibabu kilikuwa kitulivu. Pazia jeupe lilivuta pumzi na kuitoa. Tabibu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alinawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, kana kwamba siku haina mwisho. Akavaa glovu, akagusa uvimbe kwa upole.

"Kuna usaha ndani. Ulichomwa sindano hapa?"

Kinyozi alimwangalia Shangazi, kisha akauficha uso kwenye mto.

"Nilijichoma na msumari."

"Msumari huo ulipanda mpaka juu huku, na suruali haukuitoboa?"

Tabibu hakugomba.

"Kaka, sitafuti wa kumfunga. Nikijua ulichomwa dawa gani, na vipi, nitakutibu vizuri zaidi."

Shangazi alitazama pazia likipanda na kushuka. Angeweza kunyamaza. Kijana alikuwa amemfungulia njia. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka kijana shingoni, shingo ileile aliyoiogesha tangu utotoni.

"Ni mimi," alisema. "Nilimchoma dawa ya maumivu ya mgongo. Kwa bomba jipya!"

"Ahsante, mama. Umenisaidia."

Tabibu alisafisha ngozi, akachoma ganzi kuzunguka uvimbe, akangoja. Kisha akachanja mahali palipokuwa laini. Usaha ulitoka mwingi. Kinyozi alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Tabibu alisafisha shimo kwa maji safi ya chumvi ya kituoni, akaingiza utepe wa shashi, akafunika.

"Hushoni?" Shangazi aliuliza.

"Sishoni. Nikifunga mdomo, usaha utajaa tena. Kidonda cha jipu hupona kuanzia chini, pole pole. Atakuja kila siku abadilishiwe shashi. Na kwa sababu ana homa, nitampa pia dawa ya kumeza. Aimalize yote, hata akijisikia mzima."

Sindano aliyotumia hakuifunika tena kwa kifuniko chake. Aliitumbukiza moja kwa moja katika kisanduku kigumu.

"Ukiifunika utajichoma," alisema. "Ukiitupa jalalani, atachomwa mzoa taka, au mtoto anayecheza. Sasa nieleze, mama, hatua kwa hatua. Ulinawa mikono?"

"Nilinawa asubuhi."

"Asubuhi ni mbali. Pamba ulitoa wapi?"

Shangazi alieleza habari za chupa. Akaeleza pia jinsi alivyoacha sindano moja imechomekwa kwenye kifuniko cha mpira cha kichupa cha dawa, ili imsaidie kuvuta dawa ya mgonjwa anayefuata.

"Huo ni mlango ulioachwa wazi," tabibu alisema. "Na vijidudu havibishi hodi."

"Lakini spiriti inaua vijidudu!"

"Inaua vingi, si vyote. Chupa ikikaa wazi, makali yake yanapungua. Na kila kidole kinachozama humo kinaacha chake. Sisi hapa pamba tunaiweka kavu. Tunaitia spiriti wakati wa kuitumia. Mtu mmoja, pamba moja. Kisha tunaacha ngozi ikauke kabla ya kuchoma."

Shangazi alikunja uso. Hakuamini bado. Kinyozi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Shangazi, pale dukani kila kichwa nakipa wembe mpya. Sawa?"

"Sawa."

"Lakini taulo ni lile lile tangu asubuhi. Linafuta shingo zote."

"Mchafu we! Hata mimi umenifutia hilo?"

"Basi chupa yako ndiyo taulo langu."

Tabibu aliangua kicheko. Shangazi pia alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Nilidhani naosha," alisema. "Kumbe napaka."

"Mkono wako ni mwepesi kweli, mama. Ila kuchoma sindano ni kazi ya aliyefunzwa. Na mgongo ule haukuhitaji sindano. Vidonge na kiti vingetosha."

"Nilimwambia ameze vidonge!"

"Ungeshikilia hapo hapo."

Jioni ile Shangazi alipeleka kituoni mabomba, sindano na vichupa vyote, vikateketezwe salama. Chupa ya dirishani aliimwaga, akaiosha, akairudisha ikiwa tupu. Ukuta ukabaki ukuta.

Shimo lilijaa nyama mpya siku baada ya siku. Wiki ya nne kinyozi alikaa kitini, akakunja nne, akamwita mshonaji aje ashuhudie. Dukani kwake sasa kila kichwa kina taulo lake, na kamba ya kuanikia imefika mpaka kwa jirani.

Na nyumba ya Shangazi? Siku za kwanza aliogopa hata kufungua mlango. Watu wakaja hivyo hivyo.

"Shangazi, nidunge."

"Sidungi tena. Kaa, unieleze umesikia nini huko sokoni. Ukimaliza, nakusindikiza kwa tabibu."

Huwasindikiza kweli. Tabibu akinawa mikono, Shangazi huvuta kiti, humshika mgonjwa mkono, na kuanza kumsimulia habari za mtaa kwa sauti ya kubembeleza.

"Tayari," tabibu husema.

"Tayari nini?" mgonjwa huuliza. "Hebu ngoja, Shangazi hajamaliza."

Na alasiri, akirudi nyumbani, Shangazi hupenda kusimama dirishani. Kioo cha chupa ni safi. Ng'ambo yake mawingu hupita juu ya mapaa, makubwa, meupe, hayajaguswa na kidole cha mtu.